Matango Yasiyo na Hatia

Mei 2011, hospitali za kaskazini mwa Ujerumani zilianza kupokea watu wazima, wengi wao wanawake, wakihara damu. Baadhi yao figo zikagoma. Hesabu ya mwisho nchini humo ilikuwa wagonjwa zaidi ya 3,800 na vifo 53. Tarehe 26 Mei, mamlaka za Hamburg zilimtaja mtuhumiwa: matango ya Hispania. Vipimo vya baadaye vilionyesha kuwa bakteria wa kwenye matango hayo si wale waliokuwa wakiua. Wakati huo wakulima wa Hispania walikuwa wamekwisha kukosa wanunuzi. Tango halina wakili.

Muuaji alikuwa E. koli wa aina ya O104:H4. E. koli wengi hukaa matumboni mwetu bila kumkera mtu, hivyo swali lilikuwa huyu silaha kaipata wapi. Mapema Juni, taasisi ya BGI ya Shenzhen, China, ikishirikiana na hospitali ya chuo kikuu ya Hamburg-Eppendorf, ilitangaza kwamba imesoma jenomu yake, yaani herufi zote za DNA yake, kwa siku tatu, ikaiweka hadharani. Wataalamu wa nchi mbalimbali wakaanza kuichambua papo hapo, bila kikao wala posho ya kikao.

Ilionekana kuwa bakteria huyu ni wa ukoo wa E. koli wanaojishikiza kwa mafungu kwenye ukuta wa utumbo. Sumu yake, ya Shiga, haikuwa mali ya ukoo. Ililetwa na faji, yaani kirusi kinachoshambulia bakteria, kilichojipachika ndani ya kromosomu yake. Sumu hiyo huzuia seli kutengeneza protini, na ikifika kwenye damu huharibu mishipa midogo ya figo. Faji hulala hadi bakteria apate msukosuko. Kikiamka hujizidisha, sumu hutengenezwa kwa wingi, na bakteria hupasuka. Ndiyo maana madaktari husita kumpa mgonjwa wa namna hii antibayotiki: baadhi yake zaweza kukiamsha. Isitoshe, bakteria huyu alibeba pia jeni za usugu dhidi ya dawa kadhaa.

Ndugu wa karibu aliyemfichua ni bakteria namba 55989, aliyetoka kwa mgonjwa wa kuhara wa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Jenomu yake ilikuwa imekwisha kusomwa miaka kabla ya mlipuko. Pasipo sampuli hiyo, kasi ya Shenzhen ingetoa herufi mamilioni zisizo na ndugu wa karibu wa kulinganishwa naye.

Hata hivyo, jenomu haikusema ugonjwa umetoka kwenye sahani ipi. Hilo lilijibiwa na bili. Wachunguzi walikusanya oda za wateja wa mgahawa mmoja, wakamuuliza mpishi kila chakula kiliwekwa nini. Walioletewa chipukizi za mbegu zilizooteshwa walikuwa na uwezekano wa kuugua takriban mara 14 ya wenzao. Wagonjwa wengi hawakukumbuka kuzila. Nani hukumbuka pambo la saladi? Njia ikaelekea kwenye shamba moja la Lower Saxony, na hatimaye kwenye shehena ya mbegu za uwatu kutoka Misri. Bakteria mwenyewe hakuwahi kupatikana kwenye mbegu hizo. Shehena ilinaswa kwa karatasi za biashara.

Kwa hiyo anayetaka nchi yake inufaike na sayansi hii asianzie kwenye mashine. Kuhara kwa siku za kawaida ndiko hujaza maktaba ya kulinganishia, mradi kinyesi cha mgonjwa kifike maabara na bakteria wake wahifadhiwe pamoja na tarehe na mahali. Mashine ya jenomu hukatiwa utepe na waziri. Jokofu la sampuli halikatiwi, wala afisa afya anayepekua bili za mgahawa, na bajeti huwa na tabia ya kufuata utepe.