FOLDA ZA KUACHWA NJE YA GIT

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Sisi tunaojifunza kuandika programu hutumia Git, chombo kilichoundwa na Linus Torvalds mwaka wa 2005. Kazi yake ni kuweka kumbukumbu ya kila badiliko, ili tukiharibu kitu leo tuweze kurudia cha jana. Lakini je, kila folda yafaa kuingizwa humo? La hasha!

Kwanza, kuna folda ambazo kompyuta inaweza kuziunda upya. Mfano ni node_modules, ambayo mara nyingi huwa na maelfu ya faili. Kuihifadhi ni kujaza ghala makapi. Pili, kuna folda zenye siri, kama vile maneno ya siri au alama za mtihani za wanafunzi. Kazi ikishatumwa kwa wenzako, wote watazisoma.

Dawa yenyewe ni rahisi. Ndani ya folda kuu ya kazi yako, unda faili iitwayo .gitignore. Usisahau ile nukta ya mwanzo! Humo andika majina ya folda, kila moja na mstari wake:

node_modules/
alama/

Ule mkwaju wa mwisho, tunaoujua kutoka somo la uakifishaji, unaiambia Git kwamba hiyo ni folda wala si faili. Basi folda itaachwa pamoja na vyote vilivyomo.

Hapa ndipo wengi huteleza: .gitignore haimfukuzi mgeni aliyekwisha kuingia. Ikiwa folda ilishahifadhiwa, toa amri hii, kisha uhifadhi badiliko hilo:

git rm -r --cached alama

Folda itabaki kwenye kompyuta yako, ila Git itaacha kuifuata. Hata hivyo, kumbukumbu za zamani bado zinayo, na anayejua kutafuta ataipata. Neno la siri likitoka utalibadilisha. Je, alama za mwenzako zikishasomwa, utazibadilisha vipi? Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, andika .gitignore kabla ya kuhifadhi kitu kingine chochote. Nayo yenyewe uihifadhi, ili wenzako mnaofanya kazi pamoja wafuate kanuni hiyo hiyo. Kinga ni bora kuliko tiba.