Huzuni na Pombe kwa Wazee Wenye SIDA

Ninyi wababa na wamama wazee, na ninyi mnaokaa nao nyumbani, sikilizeni mafundisho haya.

Zamani watu wachache tu wenye SIDA walifika uzee. Tangu mwaka 1996 waganga walijua kwamba dawa za namna tatu zikiunganishwa zinazuia virusi visizaliane. Leo watu wengi wanazipata katika kidonge kimoja kwa siku. Ndiyo sababu tunao wazee wa miaka 60, hata 70, wanaoishi na virusi hivi. Hilo ni jambo la furaha. Lakini mwili ukipona, pengine moyo unabaki mgonjwa.

HUZUNI NI UGONJWA

Mzee mmoja amefiwa na mke wake. Mwingine anaficha dawa yake ili wajukuu wasijue. Anayeficha siku zote anachoka. Tazama dalili hizi:

Halali vizuri.
Hana hamu ya chakula.
Kazi aliyoipenda, haitaki tena.
Anasahau mambo.
Anasema kwamba heri afe.

Dalili hizi zikipita majuma mawili, usiseme, «Ni uzee tu», ao «Amelogwa». Mlete hospitali. Huzuni ya namna hii inatibiwa kwa mazungumzo na kwa dawa. Na kama anasahau sana, munganga atamchunguza, maana virusi vyenyewe na pombe vinaweza kuharibu ubongo.

POMBE SI DAWA YA HUZUNI

Wengi wanatafuta usingizi ndani ya kilauri cha lotoko ao kasiksi. Pombe inaleta usingizi mfupi. Usiku wa manane mtu anaamka, na asubuhi huzuni imezidi. Tena mwili wa mzee una maji kidogo kuliko wa kijana. Kipimo alichokiweza akiwa na miaka 30 kinamwangusha akiwa na 60, na mifupa yake inavunjika upesi. Kama anameza pia dawa ya kuzuia kifua kikuu, pombe inazidi kuumiza ini.

USIACHE KIDONGE KWA SABABU YA POMBE

Watu wanasema: «Ukinywa pombe, usimeze dawa ya SIDA, vitakuwa sumu tumboni.» Neno hili limeumiza wengi. Kidonge cha SIDA hakigeuki sumu kwa sababu ya pombe. Hatari ni kukiacha. Siku unazoacha, virusi vinazaliana tena, navyo vinaweza kuzoea dawa hata isivishinde. Basi, hata ukiwa umekunywa, meza kidonge chako kwa saa yake.

UFANYE NINI?

1. Mwambie munganga kweli: unakunywa nini, na kiasi gani. Hakuulizi ili akuhukumu. Anataka kujua namna ya kukutibu.

2. Kama umezoea kunywa sana kila siku, usiache kwa ghafula peke yako. Mtu anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyopo, kushikwa na kifafa, hata kufa. Njoo, utasaidiwa kuacha pole pole.

3. Usinunue vidonge vya usingizi sokoni. Vikichanganywa na pombe vinaweza kuzuia pumzi.

4. Watoto na wajukuu, msimwache mzee ale peke yake. Mpeni kazi ndogo ya nyumba, mwombeni shauri.

5. Akisema anataka kufa, asiachwe peke yake hata kidogo. Ondoeni kamba na sumu nyumbani, mkamlete hospitali siku ile ile.

Na ninyi wakristo, fahamuni jambo hili. Wazee wengine wanaogopa kutengwa na kanisa, kwa hiyo wanakunywa kwa siri. Hata munganga hawamwambii, na ugonjwa unakomaa gizani. Mkimjua mzee wa namna hiyo, msimseme njiani. Mwendeeni nyumbani, kaeni naye, kisha msindikizeni mpaka kwa munganga. Siri yake itafichwa huko, naye ataweza kupona.