Hesabu Huanzia Mgongoni mwa Spika

Si ajabu Isongole, kata ya Wilaya ya Rungwe iliyo kwenye barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu, kukuta sebuleni amplifaya, yaani chombo cha kukuza mawimbi hafifu ya umeme yatokayo kwenye simu au redio, ikipiga spika za gari zilizofungwa na seremala ndani ya kasha la mbao. Mchanganyiko huo hauna kosa, ila unahitaji hesabu, nayo haianzii kwenye wati zinazotangazwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, ambazo aghalabu ni sifa za muuzaji kuliko kipimo.

Namba ya kutazamwa kwanza imeandikwa mgongoni mwa spika, kwenye sumaku: ni omu, kipimo cha ukinzani, yaani jinsi koili ya spika inavyouzuia umeme usipite ovyo. Spika nyingi za nyumbani ni za omu 8 au 6, na za gari kwa kawaida ni 4. Amplifaya inapotoa volti 12, spika ya omu 8 huvuta ampea 1.5, sawa na wati 18, na ya omu 4 huvuta ampea 3, sawa na wati 36. Spika mbili za omu 4 zikiungwa sambamba kwenye tundu moja hubaki omu 2, nazo hudai ampea 6, mzigo ambao amplifaya iliyoandikwa "omu 4 hadi 8" haikuumbiwa, hivyo huchemka, hukata fyuzi au huunguza transista. Zikiungwa kwa mfululizo huwa omu 8, sauti ikapungua kidogo lakini chombo kikapona.

Rungwe ni nchi ya mvua, na mvua ikipiga bati msikilizaji huzungusha kitufe cha sauti hadi mwisho. Hata hivyo, kuzidisha wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, yaani vipimo 3 vya ukubwa wa sauti, ongezeko ambalo sikio hulitambua kwa shida, kwa hiyo spika nyepesi kuitikia, itoayo desibeli 90 kwa wati 1 katika umbali wa mita 1, ina faida kuliko ya 87 inayodai nguvu maradufu. Tena amplifaya ndogo iliyolazimishwa hukata vichwa vya mawimbi, sauti ikakoroma, na umeme huo uliokatwa huiunguza twita, spika ndogo ya sauti nyembamba, hata kama kasha zima lilistahili wati nyingi zaidi.

Spika iliyofutika maandishi haikisiwi. Nyaya zake zikichomolewa na testa ya fundi ikawekwa kwenye omu, ya 8 husoma karibu 6, na ya 4 husoma 3 na ushei, kwa sababu testa hupima waya wa koili peke yake, bila mawimbi ya muziki. Isiposoma chochote, koili imekatika.