Kuaka husafiri na firigisi ndogo

Kuna vifo vya ndege ambavyo haviniishi kichwani. Katika Rasi ya Alaska, kuaka wachanga (Wamaori ndivyo wanavyomwita ndege huyu wa pwani mwenye mdomo mrefu) waliruka kwenda kuvuka Pasifiki, wakajigonga kwenye kuba la rada, wakafa. Mtafiti Robert Gill na mwenzake Mholanzi, Theunis Piersma, walichunguza miili yao. Mafuta peke yake yalikuwa asilimia 55 ya uzito. Lakini firigisi, ile tunayoigombea kwenye kuku wa Jumapili, ilikuwa imenywea. Ini dogo, figo ndogo, utumbo mdogo. Maskini hao walikula wakanenepa, kisha wakapunguza viungo vya kulia, kama mtu anayeuza sufuria apate nauli. Angani hakuna cha kusaga, wakaandika wawili hao mwaka 1998. Firigisi ni mzigo tu.

Gill alikuwa na hoja kwamba kuaka akielekea kusini hatui njiani. Ushahidi ukaja mwaka 2007: jike aliyepewa alama E7, mwenye kinasa cha setilaiti mwilini, alitoka Alaska hadi New Zealand, kilomita 11,680, kwa siku nane bila kutua. Miaka miwili baadaye Gill na wenzake wakasema jambo linaloonekana kichaa: kwa kuaka, bahari si kizuizi, ni njia salama. Huko hakuna mwewe, na maradhi ni nadra.

Basi hatari iko nchi kavu. Akielekea kaskazini, E7 alitua Yalu Jiang, China, kwenye Bahari ya Manjano. Mwaka 1979 China ilileta kutoka Marekani nyasi za spatina ili zishike udongo wa pwani. Zilishika kweli. Zinafika mita mbili, na tope ambalo maji yakipwa lilikuwa wazi likageuka kichaka. Kuaka hachokoi minyoo kichakani, na mwenye tumbo lililonywea hana nguvu za kutafuta ufuo mwingine.

Mwaka 2022 serikali ilitangaza mpango wa kuzing'oa. Kwingine hupigwa sumu, minyoo je? Dongtan, karibu na Shanghai, walijenga ukuta, wakafyeka, wakazamisha visiki. Spatina ikafa. Bata wamepata mabwawa, ila ndani ya ukuta maji hayajai na kupwa kama zamani, na kuaka hula kwenye tope lililopwa.