Watamu na gari la kulala: pesa za kikundi zisipotelee njiani

Likizo ya Disemba ikikaribia, maswali tunayopata kutoka Kibera na Kawangware hufanana. Kikundi kimechanga mwaka mzima na sasa kinataka kushuka Pwani. Safari hii hawataki basi na lodging. Wanataka kukodi gari lenye vitanda, au hema juu ya paa, wapike na walale pale wanapoegesha.

Wazo ni poa. Lakini pesa ya safari kama hii inaweza kuisha kabla gari halijawashwa. Hebu tuifuate hatua kwa hatua.

1. Kuchanga

Tuseme mko 12, kila mtu anatoa sh. 300 kwa wiki. Baada ya wiki 25 mna sh. 90,000. Hizo si pesa za kukaa kwa laini ya mweka hazina peke yake. Simu ikiibwa na mwizi anajua PIN, jasho la watu 12 limeenda. Fungueni akaunti ya kikundi ambayo pesa haitoki mpaka wengine wawili au watatu waidhinishe. Mweka hazina asikasirike: inamlinda yeye pia, maana hakuna atakayemshuku.

2. Deposit ya gari

Hapa ndipo wengi huumia. Unaona picha safi mtandaoni, bei iko chini, halafu unaambiwa, "Tuma deposit sasa hivi, kuna mtu mwingine analitaka." Msitume. Kwanza:

- Tumeni mmoja wenu aende alione gari kwa macho na apige picha namba ya usajili. Rekodi za gari zinaweza kutafutwa NTSA kupitia eCitizen.
- Lipeni kwa Till au Paybill ya biashara. Kabla ya kukamilisha malipo, someni jina linalotokea. Kama si jina lililo kwenye mkataba, simameni hapo.
- Mkataba useme deposit inarudi lini, na ni nini kinaweza kukatwa.

Mkituma kwa namba isiyo sahihi, chukueni hatua mara moja. Kwa M-Pesa, unasambaza SMS ya muamala kwa 456. Lakini jueni hivi: huduma hiyo ni ya makosa ya kutuma. Ukimtumia tapeli kwa hiari yako, hiyo ni kesi ya polisi, na akishatoa pesa ni vigumu kuipata.

3. Barabarani

Kutoka Nairobi hadi Watamu kupitia Mombasa na Kilifi ni takriban kilomita 600. Wekeni pesa ya mafuta kando na ya chakula, na petroli mlipe kwa Till ili rekodi ibaki. Ulizeni mapema mtaegesha wapi usiku na malipo ni ngapi. Msilale kando ya barabara kuu.

4. Getini

Hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyoanzishwa 1968, inasimamiwa na KWS, na ada yake hailipwi kwa cash. Inalipwa kupitia eCitizen, kwa simu au kadi. Lipeni mkiwa bado na mtandao na chaji, na mhifadhi risiti. Mtu akiwaambia "nipe cash nikulipie", kataeni kwa heshima.

Ada ya hifadhi si nauli ya boti. Hizo ni mbili tofauti, na boti hufuata maji kupwa na kujaa, kwa hivyo patana saa na bei kabla ya kupanda. Ukilipa, subiri SMS ya kuthibitisha, kisha mwonyeshe nahodha.

Mkirudi, pitieni taarifa ya akaunti pamoja, kila shilingi. Kikundi kinachojua pesa ilienda wapi ndicho huanza kuchangia safari ya mwaka ujao bila ugomvi.