Dakika za Betri

Wakaao Unguja hawajausahau msimu ule wa giza ulioanza Disemba 2009, umeme uletwao kutoka bara kwa waya wa chini ya bahari ulipokatika, usirejee hata Machi 2010. Na aghalabu tulizihesabu hasara zetu kwa samaki waliooza na maji yasiyopanda mabombani, ilhali katika vyumba vya nyuma vya maofisi, zilimokaa seva, kila jenereta ilipoishiwa mafuta iliingia hasara nyingine isiyotoa harufu.

Seva, khasa yenye hifadhidata, haiandiki kila jambo papo hapo katika diski, bali mengi huyashika kwanza katika kumbukumbu, ambayo hufutika mara umeme uondokapo, mithili ya karani aliyeshika stakabadhi mkononi akingoja zamu ya kuziingiza daftarini. Nilikuwapo siku moja katika ofisi ambayo sitaitaja, betri ya UPS, kifaa cha kuishikiza seva umeme ukatikapo, ikilia kwa vituo, na kijana wa zamu, kwa hofu ya kutanguliwa na betri, akakishikilia kitufe cha kuzimia. Naye hakuambiwa kamwe kwamba kukibonya mara moja ni kuiomba seva ijifunge, walakini kukishikilia kwa muda wa sekunde nne ni kuinyang'anya umeme. Ndani ya seva ile zilikuwamo mashine pepe tano, yaani kompyuta za programu tu zinazokaa ndani ya kompyuta moja. Ile ya hesabu iliamka siku ya tatu.

Kwa hiyo nashikilia kwamba betri hainunuliwi ili kazi iendelee, bali ili kazi ifungwe kwa adabu: zitangulie kuzimwa mashine pepe zinazohudumia watu, ifuate ile ya hifadhidata, kisha seva mwenyeji, na mwisho kabisa sanduku la diski zinazotumiwa kwa shirika. UPS ikiungwa na seva kwa waya wa USB, programu ya bure kama Network UPS Tools huweza kuitoa amri ya kuzima pasipo mtu, nami ningependa itolewe mapema, betri ingali na nguvu ya kutosha.

Wapo waonao kuwa ni rahisi zaidi kuilaza mashine, yaani kuyanakili yote yaliyomo katika kumbukumbu hadi kwenye diski ili iamke ilipoachia. Lakini kumbukumbu ya gigabaiti 64, diski ikiandika megabaiti 200 kwa sekunde, hutaka zaidi ya dakika tano, na mashine ikisha kuamka huweza kudhani ingali saa ile ile iliyolala, ilhali waliokuwa wakizungumza nayo wamekwisha kukata mawasiliano.

Kijana yule siku hizi, Ijumaa ya mwisho wa mwezi baada ya alasiri, huzima swichi ya ukutani kwa mkono wake, akasimama na saa. Na mara ya mwisho nilipokuwapo, seva mwenyeji ilizimika dakika ya saba, betri ingali na robo ya nguvu zake.