Je, Wajua? Jino Huondolewa Makusudi

Kompyuta ya injini ya kununua na kufunga mwenyewe huongozwa na pengo. Kwenye krenki hufungwa gurudumu la chuma lenye nafasi za meno 36, na jino moja limeondolewa makusudi. Sensa huhesabu meno yakipita. Ikikuta pengo, kompyuta inajua krenki imefika wapi, na inapanga plagi itoe cheche lini. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, pengo hilo hupita mara 100 kila sekunde! Mtindo wa Bosch ni nafasi 60, meno mawili pungufu.

Kompyuta mpya haijui lolote kuhusu gari lako. Lazima uiambie ukubwa wa injini, idadi ya silinda na kiasi cha petroli kinachopita kwenye nozeli. Kisha huja jedwali la mafuta: mengi yana safu 16 kwa 16, yaani visanduku 256 vya kurekebisha. Wikendi huishia hapo.

Kompyuta moja ya aina hii, MegaSquirt, kazi ya Bruce Bowling na Al Grippo wa Marekani, iliuzwa ikiwa vipande. Mnunuzi alilehemu bodi yake mwenyewe.

Taiming, yaani wakati wa kutoa cheche, nayo hukaguliwa kwa taa inayomulika kila plagi namba moja inapotoa cheche. Ielekeze kwenye puli inayozunguka kwa kasi: alama yake itaonekana imesimama tuli. Skrini ikisema digrii 10 na alama ikaonyesha 15, amini taa, kisha rekebisha kompyuta.